Watoto wetu wa pwani wajifunze kuogelea huku wanacheza

Kinachoniuma kwa sisi watu wa Mtwara ni kwamba bahari iko hapo hapo mlangoni, Shangani watoto wanaiona kila siku, watu wanavuka kwenda Msangamkuu asubuhi na jioni, alafu unakuta mtoto wa darasa la nne hajui hata kuelea. Hasa wasichana. Wavulana wanajifunzia huko huko kwa wenzao wakubwa, kwa kurukia majini kutoka kwenye ngalawa, ila msichana anaambiwa kaa mbali na maji, basi. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2021 watu kama laki tatu walikufa maji duniani na karibu robo yao ni watoto chini ya miaka mitano. Nikisoma hivyo nawawaza hawa wetu wanaofuatana na mama zao kuchokoa pweza.

Jamani kumtisha mtoto sio kumfundisha. Ukimwambia kila siku baharini kuna mashetani, siku akiteleza atakachokijua ni woga tu, mwili unakakamaa, anahangaika, anameza maji.

Mi na wanangu na watoto wa dada tulianzia nyumbani kwenye beseni la kufulia. Kila mtu anatia mdomo ndani ya maji anapuliza mapovu, tunaangalia nani atapuliza muda mrefu bila kuinua uso, wanacheka mpaka wanalowana wote na hawajui kwamba hapo ndo wanajifunza jambo gumu kuliko yote, kutoa pumzi majini badala ya kuibana. Msiharakishe hapo, hata wiki kadhaa ni sawa.

Mkienda baharini, maji yawe ya kiunoni, kiuno cha mtoto sio chako. Natupa kauri nyeupe chini, mtoto anazama kuiokota. Tukichoka tunaelea chali, analala kama yuko kwenye mkeka, masikio ndani ya maji, tumbo juu, ananitajia mawingu yamefanana na nini huku mkono wangu uko chini ya mgongo wake, napunguza, kinabaki kidole, alafu naachia. Lakini kabla ya kuachia namwambia. Nikisema nimekushika basi nimemshika kweli, maana mtoto ukimdanganya mara moja majini hakuamini tena, na kumrudisha ni kazi kweli kweli. Bahari nayo inasaidia, maji ya chumvi yanabeba mwili kuliko ya mto. Kupiga mikono na miguu kutakuja kwenyewe akishajua kuelea.

Siku za bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, mi siwapeleki wanaoanza, maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita tatu na mkondo unavuta hasa yakiwa yanapwa. Tunasubiri maji mafu, yanajaa taratibu asubuhi mpaka kama saa nne hivi. Tyubu ya gari siitaki kabisa, upepo ukikaza linaondoka na mtoto. Kidumu kitupu cha lita tano kilichofungwa vizuri na kamba nakuwa nacho, cha kumrushia mtu, sio cha kumwachia mtoto alafu wewe ukae kivulini na simu. Mtoto anayezama hapigi kelele, yani anaweza kuwa hatua tano kutoka ulipo na usisikie kitu, kwa hiyo kaa karibu umfikie kwa mkono.

Kuhusu wasichana, jirani yangu aliniambia, "Dada, wangu kashakua huyu, nitamvua nguo mbele za watu?" Nikamwambia hakuna anayemvua, dada yangu, taiti na tisheti ya mikono mirefu vinatosha, akitoka majini unampa kanga. Dera ndo hapana, linajaa maji linamfunga miguu. Tukaenda wakina mama peke yetu, asubuhi kabla ufukwe haujajaa watu, na binti alianza kwa kukaa tu maji yakimfika kifuani huku kanishika shingo. Saivi anaelea kuliko wavulana wangu, na mama yake ananiuliza kama mtu mzima naye anaweza kuanzia kwenye beseni. Anaweza. Maji mafu yakija tunashuka tena Shangani, mwenye binti amlete, amvalishe yeboyebo maana kule chini kuna miba.