Dada aliyejua kuomba kwa ajili ya wengine

Tumemzika dada yetu hapa London. Alikuwa mhudumu wa ndege kwa zaidi ya miaka 30, na tangu msiba utokee kila mtu anamsifia tabasamu. Tabasamu alikuwa nalo kweli. Lakini mimi niliyekuwa nikisafisha ndege alizorukia nataka akumbukwe kwa jambo gumu zaidi: aliwaombea wengine msaada bila kuona haya.

Wengi wetu tumekuzwa tukiambiwa kuomba ni aibu. Yeye alishika kipaza sauti, akawaambia abiria waliochoka kwamba zile sarafu za kigeni zilizobaki mifukoni, ambazo maduka ya kubadilisha fedha hayazitaki, zinaweza kumfikishia mtoto chanjo. Kisha akapita kiti kwa kiti na bahasha. Mpango ni wa UNICEF, unaitwa Change for Good, ulianza mwaka 1987, na mashirika kadhaa ya ndege yamejiunga nao. Ila mpango hauendi wenyewe. Anahitajika mtu ambaye, akishagawa chakula, akakusanya sinia na kumbembeleza mtoto wa watu, bado atainuka apite tena.

Alinisimulia jinsi alivyohangaika kabla ya euro kuingia mikononi mwa watu Januari 2002. Faranga, maki na lira zilikuwa zinakaribia kufa, naye akawahimiza abiria wakafungue madroo nyumbani, safari ijayo waje nazo.

Kwenye hesabu hakuwa na mchezo. Tukikuta bahasha imesahaulika kwenye mfuko wa kiti, aliipokea mbele ya shahidi, akaifunga na kuandika namba ya safari. Senti ya mtoto, alisema, haikai mfukoni mwa mtu mzima hata usiku mmoja.

Watu hudhani mhudumu yupo kwa ajili ya chai. Ndege kubwa ya abiria haipati kibali mpaka ithibitike kwamba wote waliomo wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90, nusu ya milango ikiwa haitumiki. Wahudumu hufunzwa kwa kipimo hicho. Naamini ndiyo maana dada hakuweza kumwona mwenye shida akasema tutaangalia kesho.

Alipofariki tulianza kuchanga, kama ilivyo desturi yetu, tukijua mwili utasafirishwa. Kumbe aliacha maandishi: azikwe hapa hapa, na rambirambi zote ziende kwa watoto. Wazee wawili watatu walinung'unika, na siwalaumu, maana kumwacha mtu wako ugenini kunauma. Hata hivyo hakuna aliyedai kurudishiwa mchango wake. Mweka hazina alizituma jana, stakabadhi akaiweka kwenye kundi la WhatsApp kila mmoja aione. Dada angeiulizia.