Mifuko ya hewa nyuma ya Hilux iliyoshushwa: ekseli iliacha kugonga chesisi

Gari: Hilux 4x2, springi za bapa zikiwa chini ya ekseli, imeshushwa nyuma kwa bloku (vipande vya chuma kati ya springi na ekseli) za inchi 3. Tupu inapendeza, ila ukiweka mzigo wa kilo 300 ekseli inagonga chesisi kwenye kila tuta.

Kit ya kawaida ya mifuko ya hewa (mipira inayojazwa hewa ili kusaidia springi kubeba mzigo) haiingii. Imepimwa kwa gari la urefu wa kiwandani. Kwenye iliyoshushwa mfuko unabanwa kabla ya hewa kuingia. Kuondoa springi zote na kuweka mikono minne ya chuma ya kushikilia ekseli ni kazi ya gari la maonyesho. Nilibakiza springi, nikakata chesisi nusu duara juu ya ekseli na kuchomelea kiraka cha chuma cha milimita 6 (bila kiraka chesisi itapasuka), kisha mifuko mifupi ikakaa kwenye mabano kando ya ekseli. Ukiwa umejaa, mfuko uwe mbali na kila kitu angalau milimita 25, ekzosi hasa.

Kila upande uwe na paipu yake ya hewa. Ukiziunganisha, kwenye kona hewa inakimbilia mfuko wa ndani na gari linalala. Paipu ikatwe kwa wembe, mkato ulionyooka, si mshazari. Koleo huibonyeza na hapo ndipo inapovuja. Jaribu kwa maji ya sabuni. Shinikizo la hewa kwenye mifuko lisishuke chini ya psi 5.

Wengi husahau valvu ya breki za nyuma yenye fimbo inayoshika ekseli. Mifuko ikiinua gari lenye mzigo, valvu hudhani liko tupu na kupunguza breki. Rekebisha fimbo hiyo ilingane na urefu ambao gari linatembea nao.