Taa za ncha za usukani: upana wako gizani

Dereva anayekuja nyuma ya baiskeli yako usiku akiona nukta moja nyekundu, anajua kuna kitu mbele yake ila hajui kimechukua barabara kiasi gani. Taa mbili zilizochomekwa kwenye ncha za usukani zinamwonyesha upana wako. Hiyo ndiyo kazi yake, na hazichukui nafasi ya taa ya nyuma. Ukiziwasha peke yake, nukta mbili nyekundu zilizokaribiana zinaweza kudhaniwa ni gari lililo mbali, na dereva asipunguze mwendo. Taa ya tatu, chini ya kiti, inaondoa utata huo.

Zinafaa zaidi pale ncha zinapotazama nyuma: usukani wa mbio uliopinda kama pembe za kondoo, na zile baiskeli nzito za Phoenix ambazo mikono yake inarudi kwa mwendeshaji. Usukani ulionyooka ncha zake zinatazama kando, kwa hiyo chagua taa ambayo kioo chake kimechomoza na kung'aa pande zote. Halafu ziba nusu ya mbele kwa selotepu nyeusi ya umeme, maana taa nyekundu haitakiwi kuonekana na anayekuja mbele yako.

Kabla ya kununua, pima tundu. Bomba la usukani ulionyooka lina milimita 22.2 kwa nje, la usukani wa mbio 23.8, lakini kinachokuhusu ni upana wa ndani, ambao mara nyingi huangukia kati ya 17 na 20 kutegemea unene wa chuma.

Mpira wa kushikia ukiwa umezibwa mwishoni, kata duara kwa wembe. Toa mchanga na kutu ndani ya bomba, lainisha ukingo kwa msasa, kausha. Usipake grisi. Legeza skrubu mpaka mpira wa taa, ule unaoingia ndani ya bomba, unywee, sukuma taa hadi mdomo wake uguse bomba, kisha kaza. Skrubu huvuta kabari, kabari hutanua mpira. Ukishika taa kwa vidole na kuizungusha isizunguke, acha hapo. Ukizidisha, uzi wa skrubu ya plastiki unakatika, na kwenye usukani wa kaboni unaweza kupasua bomba lenyewe. Ikicheza, zungushia kipande cha tyubu kuukuu, tabaka moja au mbili. Rudia kukaza baada ya siku chache za barabara ya vumbi, kwa sababu mtikisiko ndio unaozidondosha. Ikidondoka, ziba tundu siku hiyohiyo kwa kizibo chochote: bomba lililo wazi hukata nyama mtu akianguka.

Betri za kidonge huharibiwa na maji kuliko matumizi. Maji hupitia kwenye mpira, yanakaa ndani, vyuma vya kugusia betri vinaota ukungu wa kijani. Msimu wa mvua chomoa taa mara moja kwa wiki, futa, kausha.

Ikibaki taa moja nzima, iweke upande wa magari yanayokupita: kulia Tanzania, Kenya na Uganda, kushoto Rwanda, Burundi na Kongo.

Zipo pia za rangi ya chungwa zinazofanya kazi kama indiketa. Sizipendi. Taa zenyewe zimekaribiana mno, na kwa mbali dereva hatambui ni ya upande gani inayowaka. Nyoosha mkono.

Mwisho jaribu ukiwa umekaa kitini, mikono mahali pake, mtu akiwa hatua 50 nyuma gizani, kisha asogee kulia na kushoto. Koti la mvua na mapaja huficha taa kuliko unavyodhani. Na ukibeba magunia ya mkaa yaliyozidi upana wa usukani, hazionekani kabisa. Hapo funga taa kwenye mzigo wenyewe, kila upande yake.