Jinsi ninavyotuma SMS za wafugaji wetu kwa skripti

Kila mwisho wa wiki kikundi chetu cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa humtumia kila mwanachama hesabu yake: lita alizoleta na hela anayodai. Kundi la WhatsApp halisaidii. Wengi wana vitochi, na isitoshe hesabu ya mtu si ya kubandikwa hadharani. Kwa hiyo katibu alikuwa akiandika meseji 42, moja moja, kwa kidole gumba.

Sikununua kitu. Nilichukua simu ya zamani ya Android, nikaiwekea Termux, programu inayokupa terminali ya Linux (dirisha la kuandika amri) ndani ya simu, pamoja na mwenzake Termux:API, anayeiwezesha kutuma SMS. Zote nilizitoa F-Droid, duka la programu huria, maana zikitoka sehemu tofauti hazielewani. Halafu `pkg install termux-api`, na ruhusa za SMS na Simu kwenye mipangilio. Hesabu ziko kwenye faili `wiki.csv`, mstari mmoja kwa kila mwanachama, vipengele vimetenganishwa kwa koma. Skripti, yaani orodha ya amri, huusoma mstari mmoja mmoja na kutuma. Laini yenye bando iko nafasi ya kwanza, ambayo kwa skripti ni 0:

```
termux-wake-lock
while IFS=, read -r jina namba lita hela; do
  termux-sms-send -n "$namba" -s 0 "Habari $jina. Maziwa: lita $lita. Unadai sh $hela."
  sleep 65
done < wiki.csv
```

`termux-wake-lock` huizuia simu isilale. Hiyo `sleep 65` ndiyo roho ya skripti. Android huhesabu SMS zinazotumwa na programu. Zikizidi kiwango chake ndani ya muda fulani, hukuletea onyo kwenye kioo na kusubiri ubonyeze kukubali. Ukipumzika sekunde 65 kila baada ya meseji, hufiki huko. Orodha yetu huisha kwa robo tatu ya saa hivi. Mara ya kwanza katibu aliitazama akaniuliza, "Kaka, mbona hii simu imeganda?"

Kilichotaka umakini zaidi ni herufi. SMS ya kawaida hubeba herufi 160, na Kiswahili chote kinaenea humo. Lakini tangazo la chanjo lililoandikwa kwenye Word huja na ng’ombe mwenye alama iliyopinda badala ya ' iliyonyooka. Alama hiyo moja tu inatosha kuilazimisha simu ihamie mfumo mwingine wa herufi, ambao mwisho wake ni 70. Tangazo la herufi 150 linakatwa vipande vitatu, na bando linaliwa mara tatu. Sasa kila maandishi hupitia hapa kwanza:

```
sed "s/’/'/g" tangazo.txt
```

Excel nayo ina tabia ya kula sifuri ya mwanzo, 07 ikawa 7, kwa hiyo safu ya namba huwekwa iwe maandishi kabla ya kujaza namba, ndipo CSV ihifadhiwe. Kisha `tr -d '\r'` kuondoa alama za Windows mwisho wa mistari.

Kabla ya kutuma naweka `echo` mbele ya amri, meseji zote zinajipanga kwenye kioo bila kwenda popote, katibu anazipitia. Zikishatumwa, `termux-sms-list -t sent -l 42` huonyesha zilizotoka.

Mkiwa watu 200, mwendo huu utakula zaidi ya saa tatu na nusu. Hapo ni heri kulipia huduma ya SMS za jumla na kuiita kwa `curl`, amri ya kuwasiliana na huduma za mtandaoni. Kitanzi cha `while` kinabaki kilekile.