T. Brinda, mwimbaji wa waimbaji

Wengi tunaupenda muziki wa Karnatiki, muziki wa kale wa India Kusini, kupitia mlango mmoja: M. S. Subbulakshmi. Nampenda mno. Aliimba Umoja wa Mataifa mwaka 1966, akatunukiwa Bharat Ratna, nishani ya juu kabisa ya kiraia nchini India, mwaka 1998, na jina lake linajulikana hata kwa wasiojua raga, yaani mpangilio wa noti ambao wimbo hujengwa juu yake, ni nini. Lakini siku hizi masikio yangu yamehamia kwa mwanamke wa rika lake, T. Brinda, na inaniuma kwamba nje ya duara la wajuzi hakuna anayemtaja.

Alizaliwa mwaka 1912. Bibi yake mzaa mama alikuwa Veena Dhanammal, mpiga vina, ala ya nyuzi, wa Madras, Chennai ya leo, ambaye Ijumaa jioni wanamuziki wakubwa walikuwa wakifika nyumbani kwake kumsikiliza. Balasaraswati, malkia wa Bharatanatyam, dansi ya kale ya India Kusini, alikuwa binamu yake. Brinda alisomea pia kwa Naina Pillai wa Kanchipuram, fundi aliyeogopwa kwa hesabu zake za midundo. Aliimba sana na mdogo wake, Mukta, sauti mbili zikienda sambamba mpaka ndani ya mitetemo.

Kilichoninasa ni "Payyada", padam, yaani wimbo wa mapenzi wa mwendo wa polepole, ya Kshetrayya, mshairi wa Kitelugu wa karne ya 17. Mwanamke anamkumbuka mpenzi aliyekuwa akimlalia kifuani, na sasa hayupo. Raga yake ni Nadanamakriya, na raga hii ina tabia moja ya ajabu: inapanda hadi noti ya saba, iitwayo Ni, kisha inarudi. Sa ya juu, noti inayofuata, pale sikio linapotaka kutua, haiguswi. Msikilize Brinda akikaribia hapo. Hakazi sauti, haombi huruma. Anaikokota noti taratibu, anaiyumbisha kidogo, halafu anashuka, nawe unabaki na hamu ileile aliyo nayo yule mwanamke. Nimeurudia mstari huo hadi usiku wa manane, na kila mara nasikia kona ambayo sikuwa nimeisikia.

Kwa nini basi hakupendwa na umati? Wapo wanaosema ni kwa sababu familia yake ilitoka katika jamii ya devadasi, wanawake waliowekwa wakfu hekaluni kwa muziki na dansi, jamii iliyobezwa na wanamageuzi hadi sheria ya Madras ya mwaka 1947 ikapiga marufuku wasichana kuwekwa wakfu hekaluni. Dharau hiyo ilikuwepo kweli, na iliumiza. Ila Subbulakshmi naye alitoka katika jamii hiyohiyo, kwa hiyo jibu hilo halinitoshi. Mimi naona sababu kubwa ni padam yenyewe. Inakwenda polepole, haina mbio za swara, yaani noti, za kuwainua watu vitini, na katika tamasha la kawaida huimbwa mwishoni mwishoni, wimbo mkuu ukishapita na baadhi ya watu wakiwa wameshaanza kuondoka. Brinda aliufanya wimbo huo wa mwishoni kuwa moyo wa kazi yake, na hakukubali kuulegeza ili umpendeze mtu.

Wenzake walijua thamani yake. Music Academy ya Madras ilimpa Sangita Kalanidhi, heshima ya juu kabisa katika fani hiyo, mwaka 1976. Alifundisha hadi Marekani, Chuo Kikuu cha Washington, Seattle. Aruna Sairam, ambaye leo anajaza kumbi, alikaa miguuni pake kujifunza. Brinda alifariki mwaka 1996.

Ukitaka kumsikia, usimweke huku unapika au uko kwenye daladala. Vaa visikilizio, acha mlio wa tambura, ala ya nyuzi inayovuma nyuma ya mwimbaji, ukutulize kwanza, halafu mpe dakika kumi nzima. Baada ya "Payyada" tafuta javali zake, nyimbo fupi za mapenzi zenye mwendo mwepesi. Humo utamsikia akichezacheza, akimsuta mpenzi mwongo, na bado hakuna noti hata moja anayoipita kwa haraka.