Tumerudi Pemba na Daftari Moja la Rangi

Miaka yote ya Leeds, Uingereza, kazi yangu ilikuwa kubuni michoro ya vitambaa, na binti yangu, ambaye sasa ana miaka saba, alikulia pembeni ya meza yangu ya kazi akiuliza kila mara: hii umeichanganya na nini? Tulipokata shauri kurudi nyumbani moja kwa moja, sikutaka nimjaze hadithi za Pemba. Hadithi hizo ni zangu. Nilitaka naye aingie na kitu chake, ndipo nikanunua daftari la karatasi nzito na rangi za maji, tukakubaliana kila ukurasa uwe wa mikono miwili. Mimi nikichora mistari, yeye atafute rangi. Akichora yeye, rangi natafuta mimi.

Dar tulipita Oysterbay kwa wachoraji wa Tingatinga. Nilimweleza habari za Edward Saidi Tingatinga, aliyetoka upande wa Tunduru na kuanza kuchora hapo Dar mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za kupakia baiskeli, kwa sababu ndizo zilizokuwa madukani. Alifariki 1972, ndugu na wanafunzi wake wakaendelea. Nilidhani binti yangu atavutiwa na chui na ndege wenye shingo ndefu. Wapi! Alichuchumaa mbele ya mchoraji aliyekuwa anapaka ubao mtupu, nyekundu ikishuka taratibu hadi kuwa manjano.

"Mbona husubiri ikauke?"

"Ikikauka, mwanangu, haziingiliani tena."

Usiku ule aliilowesha karatasi kwanza, kisha akagusisha rangi mbili na kuziacha zitafutane. Sikumfundisha mimi.

Boti kutoka Unguja hadi Mkoani ilituchosha, sina la kusema zaidi. Lakini kufika kwa mama, nje kidogo ya Wete, tulikuta karafuu zimeanikwa uwanja mzima, na hapo ndipo safari yetu ilipoanza hasa.

Karafuu huchumwa ikiwa bado changa, kijani inayoanza kuona wekundu. Ukiichambua kwenye vikonyo na kuitandaza juani juu ya jamvi, haikai na rangi moja. Kila jioni, kabla ya kuzoa, binti yangu alichukua punje moja, akaiweka juu ya daftari na kupaka kisanduku cha rangi yake. Kisanduku cha kwanza alipaka kijani na nyekundu kando kando. Kilichofuata kilimshinda, maana hatukuwa na kahawia. Akachanganya zile zile mbili za jana, kijani na nyekundu, na kahawia ikatoka. Alinyamaza kidogo, kisha akapiga kelele: "Mama, ilikuwa ndani yake!" Hadi karafuu zinakauka kabisa alikuwa na mstari wa visanduku unaokaribia weusi, na pembeni ameandika kwamba kichwa hubaki na rangi hafifu kuliko shina. Ni kweli. Mimi niliyezaliwa kwenye harufu hiyo sikuwahi kukitazama kichwa peke yake.

Wazazi wenzangu mlio nje, mkija na watoto, wapeni kazi ya mikono. Picha za simu pigeni, hakuna ubaya, lakini simu haimlazimishi mtoto kutazama kitu mara ya pili. Rangi humlazimisha.

Mama yangu alilipekua daftari lote bila kusema neno, kisha akamwita mjukuu wake barazani. Alikuwa na ukindu uliokwisha kuchanwa na kuanikwa hadi ukawa mweupe.

"Chagua rangi za mkeka wako."

"Bibi, nataka ya karafuu."

"Ipi? Ya mtini au ya jamvini?"

Walichagua zote mbili, na zambarau juu yake kwa sababu bibi anaipenda. Sufuria ya maji ikatengwa jikoni, rangi ya unga ikamiminwa, ukindu ukazamishwa na kugeuzwa kwa kijiti hadi ukakolea. Sasa mama anasuka ukili, binti yangu anampangia zamu za rangi kwa kufuata ukurasa wake, na wanabishana kweli kweli. Jana bibi alikataa kuweka kijani karibu na zambarau. Leo asubuhi nimeukuta ukili umefumuliwa na kijani imewekwa pale pale mtoto alipotaka. Rangi ya kijani yenyewe imetuishia, kwa hiyo Jumamosi tunakwenda Wete sokoni kununua nyingine.