Uzi wa Kushoto

Jumamosi asubuhi nilimkuta kitinda mimba wangu kaipindua baiskeli uwani, matairi juu. Pedeli ya kushoto ilikuwa imemgomea. Alishaivalisha spana namba 15, na sasa alikuwa anainua mguu aikanyagie kwa kisigino. Nilipiga ukelele uliomtoa mama yake jikoni na mwiko mkononi.

"Acha! Geuzia upande mwingine!"

Akageuza, huku akinitazama kama mtu anayemkubalia mgonjwa ili alale. Pedeli ikafunguka bila shida.

"Baba, mbona hii inafunguka kinyume?"

Nikamweleza kwamba pedeli ya kushoto hukatwa uzi wa kushoto, yaani ile mikunjo ya kufungia inazunguka kinyume, ili isijifungue yenyewe kadiri mtu anavyoendesha. Akaridhika, akaendelea na mambo yake. Mimi nilibaki kwenye kigoda mpaka chai ikapoa.

Nilikumbuka ile Scania ya baba, lori lake. Nimeiandika hapa mara nyingi, ila hiki sikukiandika.

Watu wa Masasi wanaikumbuka: 111 ya pua ndefu, rangi ya chungwa iliyopauka mpaka kufanana na vumbi la barabara, ikilala chini ya mwembe wetu pale Mkuti. Kwao Sweden walishaacha kuitengeneza tangu mwanzo wa miaka ya 1980. Baba alikuwa akiapa kwamba ya kwake iliunganishwa kwenye kile kiwanda cha Kibaha, na ukimbishia anakupeleka mlangoni kukuonyesha kibati ambacho kutu ilishakila maandishi yote. Ushahidi wake ulikuwa huo.

Septemba 1997 turbo, kile kifaa kinachoisukumia injini hewa, ikaanza kupitisha oili. Ikiupanda ule mlima wa Newala na mzigo, moshi wa bluu unafunika nyuma yote, na utingo anashuka kule juu akikohoa na kutukana. Korosho zilikuwa zinakaribia. Wanunuzi walishaanza kupita kwa baba kuulizia gari, mmoja hata alishaacha kishika uchumba. Kwa hiyo turbo ilibidi ifunguliwe, ibadilishwe bushi na sili zake, na ifungwe kabla ya Oktoba.

Fundi wetu aliweza kuifungua Bedford gizani na kuifunga gizani. Lakini injini alizokulia nazo hazikuwa na turbo, na hakuwa mtu wa kujifanya anajua. Alimwambia baba waziwazi: "Mzee, hii nitaifungua, ila nitafutie kitabu chake."

Baba alipanda basi mpaka Ndanda, kwenye karakana ya misheni, na kuku wawili. Akarudi bila kuku, na kitabu cha kuazima kwa siku tatu. Kitabu kinene, jalada limeloa grisi, kurasa zinanuka dizeli, picha zimechorwa kwa mistari myembamba kama mishipa ya jani. Na chote kwa Kiingereza.

Mimi nilikuwa Kidato cha Kwanza, niko nyumbani likizo fupi. Miezi tisa ya Kiingereza cha kufundishiwa. Pale nyumbani, ni kama nilikuwa mkuu wa chuo.

Siku ya kwanza iliniharibia. Nilikaa juu ya tairi la spea, kitabu mapajani, kamusi ndogo ya mfukoni kando, nasoma na kufasiri. Nikafika kwenye sehemu ya shafti na bushi zake, nikakutana na neno "journal". Kamusi ikasema: jarida, gazeti. Nikasema kwa sauti ya kujiamini kwamba hapo panatakiwa paangaliwe gazeti kama limechakaa.

Kimya kidogo. Kisha utingo akauliza, "Fundi, humo ndani kuna Uhuru au Mzalendo?"

Walicheka mpaka majirani wakachungulia. Baba alicheka na yeye, na hilo ndilo lililoniuma. Kutwa nzima utingo alikuwa akipita anauliza kama gazeti la leo limeshatoka.

Siku ya pili turbo ilikuwa mezani. Meza yenyewe ilikuwa mlango wa zamani juu ya mapipa mawili, na jiliwa la kubania vyuma limefungwa pembeni. Fundi alikuwa ameshaondoa magamba yake yote mawili, amebakiwa na kile kiini: shafti moja, huku feni ya moshi iliyoungana nayo, huku feni ya hewa iliyobanwa na nati ndogo. Alikuwa ameiosha kwa dizeli kwenye sufuria la mama (kuna ugomvi mwingine hapo, siuingii). Feni ya hewa ilikuwa inang'aa, mapezi yake membamba yamejikunja. Nakumbuka nilitamani kuigusa, Fundi akaniambia tumia jicho.

"Haya mwanangu, nati hii wanasemaje?"

Nikasoma kimoyomoyo kwanza, gazeti lilishanifundisha. Sentensi ilikuwa fupi. Kwamba nati ifunguliwe, na mbele yake, kwenye mabano, "left-hand thread". Kushoto nilikujua. Mkono niliujua. Thread niliijua vizuri kabisa, na sikuhitaji kamusi: uzi. Uzi wa mkono wa kushoto.

Nikainua macho. Utingo alikuwa ameegemea mwembe anatafuna kijiti, ananisubiri. Nikamsikia kabla hajasema: Fundi, leta na sindano!

"Wanasema ifunguliwe," nikasema.

"Basi?"

"Basi."

Fundi akafuta mikono, akaja nyuma yangu, akainama juu ya bega langu. Kusoma hakusoma, lakini picha za mashine alizisoma kuliko yeyote. Akaweka kidole chenye weusi wa miaka kwenye mchoro, juu kidogo ya nati, palipochorwa mshale uliopinda.

"Na huu mshale?"

Mpaka leo naweza kuuchora ule mshale. Mkia wake mnene, kichwa chake kidogo, unazunguka kuelekea upande ambao nati hazifungukii. Fundi alikuwa ameshaona kuna jambo, ndiyo maana aliuliza. Nilikuwa na nafasi ya kusema sijui.

"Huo unaonyesha feni inavyozunguka," nikasema.

"Una hakika?"

"Imeandikwa."

Akabana kichwa cha shafti kwenye jiliwa, akavalisha spana, akavuta. Nati haikutikisika. Akavuta tena. Akamwambia utingo alete bomba la kurefushia. Kila alipovuta kufungua alikuwa anakaza, lakini hapakuwa na aliyejua hilo isipokuwa kitabu. Baba alikuwa ameshasogea, mikono nyuma. Fundi akashusha pumzi, akaliegemea bomba kwa uzito wake, taratibu, kama mtu anayemsukuma mtoto aliyelala.

Haukuwa mlio mkubwa. *Tik*, kama ganda la korosho linavyopasuka motoni. Spana ikazunguka bure. Nati ilianguka mchangani ikiwa na kipande cha shafti ndani yake.

Hakuna aliyesema kitu. Fundi aliokota kile kipande, akakisogeza karibu na jicho, akakigeuza kwenye mwanga. Akapitisha ukucha kwenye uzi wake. Alikaa nacho muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Kisha akakitia mfukoni.

"Chuma cha zamani," akamwambia baba. "Kimechoka."

Mengine yalikwenda mbio. Kiini cha turbo ya Scania hakikuwepo Masasi, hakikuwepo Mtwara, hakikuwepo Lindi. Mjomba alitumwa Dar, akazunguka Gerezani wiki mbili ndipo akapata kilichotumika. Wakati huo zile mvua za El Niño zilishaanza. Pale Rufiji palivukwa kwa kivuko cha Ndundu, daraja la Mkapa likiwa bado miaka sita mbele, na barabara ya kusini ikawa tope la kumeza magari. Kile kiini kilikaa Dar mpaka kikapata meli ya Mtwara. Kilipofika, msimu ulishapita. Mwenye kishika uchumba alidai chake, baba akauza ng'ombe. Gari lilirudi barabarani na baba akaendesha miaka mingine minane, kwa hiyo siwezi kusema nilimfilisi. Ila mwaka ule sikurudi shule mpaka Machi, na nilijua sababu kuliko aliyekuwa ananiomba radhi kwa kukosa ada.

Fundi aliifunga turbo ile bila kuchukua shilingi. Alisema kosa lilikuwa lake, alitumia nguvu.

Maneno mawili nilikuja kuyasikia kwa mafundi nikiwa chuo. Moja, kwamba nati ya turbo nyingi hukatwa hivyo kwa makusudi, kwa kuwa shafti inazunguka makumi ya maelfu ya mizunguko kwa dakika na nati ya kawaida ingejilegeza. La pili ndilo lililonikalisha chini: ile thread wenyewe wanaiita uzi. Bolti imekufa uzi, nati imekula uzi, uzi wa kushoto. Fundi alikuwa akilitumia neno hilo kila siku mbele yangu na sikuwahi kulisikia. Ningelitamka vilevile nilivyoliogopa, angeelewa palepale.

Fundi yupo hai, macho tu ndiyo yamefunga ukungu. Kila Idi namtumia kitu kwa simu, na mwanawe hunijibu kwamba mzee anakuombea sana, anasema wewe hukusahau. Mwaka jana nilienda kumwona. Tulizungumza habari za mvua, za bei ya korosho, za baba. Ule ukimya ukaja, mkono wake ukaenda mfukoni, na moyo wangu ukasimama. Akatoa ugoro.

Nimeshafikiria kumwambia. Halafu nafikiria kwamba huenda ukucha wake ulimwambia siku ileile, na kwamba nikifungua mdomo nitakuwa namnyang'anya kitu alichoamua kukibeba mwenyewe. Au hizo ni hoja za mtu mwoga. Sijui.

Mwanangu alimaliza baiskeli kabla ya adhuhuri. Akaja anafuta mikono kwenye kaptura, mama yake akiona atatuua wote wawili.

"Baba, hilo la pedeli ulilijuaje?"

"Nilisoma kwenye kitabu," nikamwambia.